Ubani wa Kumkumbusha Mama Uongo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa bodaboda alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba yangu hapa Gungu, mjini Kigoma, akafungua begi na kunipangia vichupa kwenye tanki la mafuta. "Mama, hii ni dawa ya ubongo. Mlonge, manjano, habasoda, mdalasini, mimea mitupu. Ukianza kutumia husahau kitu." Nikamwambia aende zake. Akacheka, akasema kuna bibi mmoja kule Katonga alikuwa hawezi kutaja majina ya wajukuu wake, sasa anawataja wote mpaka wale ambao familia haiwataki. Nilimfungia geti kwa kishindo. Baadaye jirani aliniuliza kijana wa watu amenikosea nini. Hakunikosea chochote. Ila dawa zile nazijua kuliko yeye, na sikutaka kusimama juani nikimweleza mtoto wa watu nilizijuaje.

Nilizaliwa ng'ambo ya mto Malagarasi, upande wa Burundi. Leo naliandika hilo bila kutetemeka kwa sababu wale ambao lingewadhuru wamekwisha kufa, na mimi nimestaafu ualimu. Mwaka wa sabini na mbili, watu walipokuwa wakiuawa huko kwetu, mama alinifunga mgongoni akavuka pamoja na baba. Sikumbuki kitu, nilikuwa sijaanza hata kutembea. Upande huu, katika kijiji kimoja cha Kasulu, tulipokewa na Mha mmoja aliyekuwa amechanjiana damu na baba tangu siku walizokuwa wakibadilishana mbuzi kwa chumvi ya Uvinza. Udugu wa kuchanjiana haukuwa mchezo. Mzee yule alimsimamisha mama mbele ya watu wa ukoo wake akasema, kuanzia leo huyu ni dada yangu, binti wa baba yangu, na atakayesema vingine amenitukana mimi. Akampa mambo matano ya kushika: jina la baba, jina la babu, jina la baba wa babu, jina la kijiji, na mahali lilipo kaburi la baba. Serikali ilipowapeleka wakimbizi kwenye makazi yao ya mbali, sisi tuliandikwa Waha wa Kasulu, tukabaki.

Baba alipofariki tulihamia Ujiji, mama akawa anauza mawese na dagaa. Kila jioni tukichambua dagaa, yeye akitoa mchanga na mimi nikitoa mawe, alinisomesha yale mambo matano. Babu yako nani? Baba yake nani? Kaburi liko wapi? Nikikosea jina moja alinifinya paja, na mama alikuwa na vidole vya kufinya. Hakunificha kuwa ni uongo. Aliniambia wazi kwamba ukweli wetu uko kule nyuma na hautusaidii, na kwamba nisiutaje hata kwa mtu nitakayelala naye kitanda kimoja.

Nilimtii kupita kiasi. Nikasoma, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikaolewa na ofisa wa serikali aliyehamishiwa Kigoma kutoka Singida. Alinioa kama Mha wa Kasulu, akatoa mahari kwa yule mzee wa kuchanjiana, na mimi sikufungua mdomo. Mimi na mume wangu tulikaa Gungu. Mama alipanga chumba chake Rusimbi, mtaa mwingine, maana kwetu mama mkwe hakai nyumba moja na mkwe wake, hata sahani ya mkwe haishiki. Mpangilio huo ulinifaa, kwa kuwa wale wawili hawakupata nafasi ya kuzungumza.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Nasema hivyo kama watu wote wa Kigoma wanavyosema, kana kwamba kabla ya hapo hawakuwapo. Warundi walikuja kwa miguu, halafu Wakongo wakaja kwa maboti, ziwa likawa linatema watu kila asubuhi. Mji ulijaa magari meupe yenye bendera. Nyumba zikapanda kodi, kuni zikaadimika, na kila kilichoibiwa kiliibiwa na mkimbizi. Katika chumba cha walimu tuliwasema mchana kutwa. Wanazaa kama panya. Wanapewa mafuta ya bure na sisi tunanunua. Na mimi nilikuwemo, tena mbele. Nilicheka kuliko wote, kwa sababu niliogopa kuliko wote. Leo nikikumbuka baadhi ya maneno niliyoyasema pale, nauma ulimi.

Ni katika miaka hiyo mama alianza kusahau.

Mwanzo tulicheka. Alitia chumvi kwenye maharage mara mbili. Alikwenda Katonga kununua migebuka akarudi na beseni la mtu mwingine, samaki wake kawaacha juu ya mawe. Alisahau jina la mume wangu, ila hilo halikuonekana, kwa kuwa jina la mkwe hulitaji hata ukilikumbuka. Alikuwa mtu mzima, alinizaa akiwa amekwisha kukata tamaa ya kuzaa, nikasema ni uzee tu. Nilimpeleka hospitali, daktari akanisaidia kusema hivyo hivyo: "Ni umri, mwalimu. Mpe matunda, muwe mnaongea naye."

Siku moja bombani mwanamke fulani alimwuliza, "Bibi, kwenu hasa ni Kasulu ipi?" Mama akajibu kwa kutaja mlima. Warundi hukutajia mlima wao kabla hata ya jina lao, na mlima alioutaja haukuwa Kasulu wala popote katika Tanzania. Nilikuwa nimeshika ndoo. Maji yalijaa yakamwagika miguuni, sikuyaona. Yule mwanamke hakujali, akaendelea na habari zake za mwanawe aliyefeli. Lakini tayari maneno yalikuwa yamezagaa mjini kwamba utafanyika msako, kwamba kila mkimbizi aliyejificha mitaani atapelekwa kambini, na kwamba wajumbe wa nyumba kumi wameambiwa waandike majina.

Nikaelewa kilichokuwa kikitokea kichwani mwa mama. Uongo alijifunza ukubwani, akiwa na miaka zaidi ya arobaini. Ukweli aliunyonya kwa mama yake. Sasa vilikuwa vinatoka kwa mpangilio, cha juu kwanza, na cha juu ndicho kilichotulinda. Akikamatwa yeye nitaulizwa mimi. Nikiulizwa mimi kazi imekwisha, na ndoa, na watoto wangu wawili wataitwa watoto wa mkimbizi katika shule ile ile ambamo mama yao alikuwa akiwatukana wakimbizi. Sikulala vizuri tena.

Mwalimu mwenzangu, Mwislamu wa Ujiji, ndiye aliyenielekeza kwa bibi mmoja nyuma ya soko la Ujiji. Mababu zake walitoka Kongo zamani na misafara, na yeye alirithi dawa kwa nyanya yake. Wateja wake wakubwa walikuwa watoto wa chuo waliokuwa wakihifadhi Kurani. Mzazi akiona mtoto hashiki sura, anampeleka kwa bibi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, miwani imefungwa kwa uzi, mbele yake mikebe ya maziwa ya unga iliyojaa magome na mbegu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

"Nyumbani. Ni mama. Anasahau."

"Anasahau nini?"

"Kila kitu."

Akanitazama juu ya miwani. "Anayesahau kila kitu ni maiti. Nakuuliza anasahau nini, nijue namtafutia nini."

Nikababaika. Nikasema mambo mengi, majina, vitu vya hapa na pale. Aliona kuwa nimeficha, wala hakukasirika. "Haya. Usiponiambia, shauri yako. Mimi dawa yangu nampa atakayeinywa, simpi aliyeifuata."

Alinipa ubani, ule mweupe wa kutafuna, wa kulowekwa kwenye kikombe usiku kucha na kufunikwa kisosi, maji yake yanywewe asubuhi kabla ya chakula. Alinipa habasoda iliyosagwa, nichanganye na asali ya nyuki ya porini, ile nyeusi ya Kasulu. Zabibu saba kila siku. Kisha alinitoa nje mpaka kwenye mfereji nyuma ya nyumba, akanionyesha majani madogo ya duara yanayotambaa penye unyevu. Nilikuwa nikiyakanyaga maisha yangu yote. Nayo niyatwange na mrehani kidogo, niyachuje, nimpe kijiko asubuhi na kijiko alasiri.

"Sasa sikiliza," akasema. "Watu wanadhani dawa peke yake inatosha. Mtoto wa chuo akishakunywa, ladha ikiwa bado mdomoni, anasoma sura yake hapo hapo. Kile anachosoma ndicho kinachokaa. Na mama yako afanye hivyo, asubuhi na alasiri. Asome anachotaka kikae."

Nilitoka pale nikiwa na furaha ya ajabu. Nilikuwa mwalimu, kusomesha nilikujua. Nilichokosa kilikuwa dawa ya kubandikia somo kichwani.

Kila asubuhi kabla ya shule nilipanda baiskeli mpaka Rusimbi. Nilimkuta mama amekaa kitandani, kanga begani, akinitazama kwa adabu, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa kwake mwenyewe. Nilimpa kikombe cha ubani, kisha kijiko cha majani. Alikunja uso, majani yale yana uchungu unaobaki kooni. Kabla hajameza vizuri nilianza: baba yako nani? Babu yako nani? Kaburi liko wapi?

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Alitaja jina moja la uongo na mawili ya kweli. Alitaja kijiji cha Kasulu akakizungushia milima ya Burundi. Asubuhi moja nilipomtajia jina la baba wa uongo alianza kulia, akasema, "Mwanangu, huyo siye. Mbona unanilazimisha baba wa watu?" Nilikuwa nachelewa kengele. Nikamfinya paja.

Sijawahi kumwambia mtu hilo. Nilimfinya mama yangu mzazi, mzee, kwenye paja lililokuwa limekonda mpaka ngozi inavutika, na nikamwambia kwa sauti ya darasani, rudia. Akarudia. Akataja yote matano, machozi yakimtiririka, na mimi nikaondoka kwa baiskeli nikijisemea kuwa dawa imeanza kufanya kazi.

Kweli ilikuwa inafanya kazi, iwe ni ubani, au asali, au kule kuamshwa na kuzungumzishwa kila siku kulikomwamsha. Mimi si mganga. Ninachojua ni kwamba baada ya miezi miwili mama alirudi kuwa mtu. Alijua chumvi imeingia au bado. Alimdai muuza mkaa gunia lililopungua. Alianza tena kunikemea kwa nguo zangu. Na kila asubuhi alitaja mambo yake matano mfululizo bila kujikwaa, macho ameyaelekeza ukutani, na akimaliza ananiuliza, "Nimepata, mwalimu?" Alitania, ila lilikuwa linanichoma. Nilimjibu amepata.

Alasiri sikuweza kufika, nilikuwa shuleni. Dawa ya alasiri nilimwachia kwenye kikombe na yeye aliinywa mwenyewe. Jirani yake wa ukuta mmoja, mama muuza vitumbua, aliniambia siku moja, "Mama yako ana rozari yake ya ajabu. Kila alasiri anakaa mlangoni anataja watu. Anataja, anataja, kisha anatabasamu." Nikafurahi. Nilidhani anadurusu somo langu. Mwanafunzi gani mzuri namna hii, nikajisemea. Haikunipitia akilini hata siku moja nitoroke kipindi cha mwisho nikasikilize anataja watu gani.

Msako ulifika Rusimbi siku ya kazi, mchana. Habari zilipita shuleni kwetu kabla ya wao kupita mtaani. Nilimwachia mwenzangu darasa nikakanyaga baiskeli mpaka miguu ikafa ganzi. Watu walikuwa wamekusanywa kwenye uwanja wa mpira, wamepangwa mistari, wanaume huku na wanawake huku. Mbele kulikuwa na meza, na nyuma ya meza ofisa kijana mwenye daftari, lafudhi yake ya pwani. Pembeni yake alisimama mjumbe wa nyumba kumi wa mtaa ule. Wenye silaha walikaa kivulini.

Walikuwa wanauliza maswali yale yale ambayo mama alinifundisha nikichambua dagaa. Kwenu wapi. Baba yako nani. Amezikwa wapi. Mbele ya mama alikuwapo Mha halisi, bibi mzee ninayemjua ukoo wake wote, na kwa woga alishindwa kutaja jina la babu yake, wakamsogeza upande wa lori. Nilipoona hivyo nilizidi kumwamini mwanafunzi wangu. Nilisogea mpaka karibu na meza, nikasimama pamoja na watu waliokuwa wakitazama.

"Bibi, kwenu wapi?" ofisa akauliza.

Mama aliweka kanga yake sawa. Akasimama wima, mikono ameishika mbele, namna watu wa kule wanavyosimama wakisema jambo la heshima. Akataja mlima. Akataja chifu aliyekuwa na mlima ule wakati wa Wabelgiji. Kisha akaanza na baba yake, na baba wa baba yake, akapanda naye juu mpaka mtu wa saba. Mimi nilimfundisha watatu. Alitaja saba bila kuvuta pumzi, sauti yake safi, uso umemng'aa kwa raha, na hakuna hata mmoja kati yao niliyewahi kumsikia. Hao ndio aliokuwa akiwataja alasiri mlangoni. Asubuhi alisoma nilichotaka mimi kikae. Alasiri, peke yake, alisoma alichotaka yeye.

Hata yule ofisa aliacha kuandika. Hakuwa mtu mbaya, lazima niseme. Aliinamia meza akamwambia kwa upole, "Bibi, fikiri vizuri. Hapa mtaani wanasema wewe ni Mha wa Kasulu."

"Wa Kasulu walinipokea, Mungu awalipe," mama akasema. "Mimi ni wa kule nilikokutajia."

Akaandika. Halafu akainua macho akaniona nimeshika baiskeli, nimevaa nguo za kazi zenye vumbi la chaki, natetemeka. "Na wewe mwalimu? Huyu ni mama yako?"

Mjumbe alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Alikula pilau ya harusi yangu. Aliinamisha kichwa akaanza kukwangua udongo kwenye kiatu.

"Hapana," nikasema. "Ni jirani tu. Huwa namletea dawa."

Lilitoka haraka, tena kwa sauti nzuri. Nilikuwa nimefundishwa tangu utotoni.

Ofisa hakuridhika. Akamgeukia mama. "Bibi, huyu si mwanao?"

Mama alinitazama. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Kisha akamgeukia yule kijana.

"Nilikuwa na binti mmoja," akasema. "Alinifia mgongoni tukivuka mto. Huyu mama ananisaidia tu."

Kijana akaandika hivyo. Nilimwona akiandika. Akamwambia pole, bibi, naye akasema asante, baba, akaenda mwenyewe upande wa lori bila kushikwa mkono. Niliomba ruhusa nimletee blanketi na sufuria, wakaniruhusu, wakanisifu kwa ujirani mwema. Nilimpa mikononi. Akasema, "Mungu akubariki, mama," namna unavyomwambia mtu baki, na lori likaondoka.

Mume wangu nilimwambia mama amekwenda Kasulu kuuguza ndugu. Akasema sawa. Hakuuliza tena habari zake mwaka ule wala miaka iliyofuata, na mwanamume asiyeuliza habari za mama mkwe wake miaka yote hiyo, ujue anajua. Tuliishi hivyo mpaka alipofariki.

Likizo ilipofika nilianza kwenda kambini. Nilipata kibali kupitia kanisa, kama mama mmoja anayepeleka sabuni na nguo kwa wazee wasio na watu. Mama alipewa kibanda cha turubai mwishoni mwa mstari, pamoja na vikongwe wawili. Kadi yake iliandikwa mtu mmoja. Nilikaa mbele yake, nikampa sabuni, nikampa dagaa, na wale vikongwe wakitusikiliza. "Asante mama. Umetoka mbali? Mungu akubariki." Mara ya kwanza hivyo. Mara ya pili hivyo. Mara ya tatu aliniuliza nina watoto wangapi, nikamwambia wawili, akasema Mungu awakuze. Macho yake hayakuwa na kitu ndani.

Nitasema jinsi nilivyojifariji. Nilijiambia amesahau. Kule uwanjani alikuwa amekwisha kunisahau, binti alimchanganya na kifo kingine alichokiona njiani, na aliposema hanijui alisema kweli. Kambini hapakuwa na ubani wala asali wala wa kumsomesha, basi atazidi kusahau, na mtu aliyesahau hana uchungu wa kukanwa. Mimi niliyekuwa nikitwanga majani alfajiri ili akumbuke, sasa nilipiga magoti katika nyumba yangu ya Gungu nikimwomba Mungu asikumbuke. Niliomba kwa moyo wangu wote. Sidhani nimewahi kuomba kitu kingine namna ile.

Mara ya nne nilimkuta nje peke yake, wale wenzake wamekwenda foleni ya mahindi. Nilikaa. Nikampa sabuni. Aliipokea, akatazama njia pande zote mbili, akanishika mkono kwa vidole vile vya kunifinyia, akanivuta karibu.

"Usije tena Jumatano," akaninong'oneza. "Jumatano wanahesabu watu. Kila wanayemkuta humu anaulizwa ana undugu na nani. Wewe usijibu maswali yao tena, unatetemeka, utajiponza." Akanitazama usoni, macho makavu, yaliyo macho kabisa. "Watoto hawajambo?"

Nikasema hawajambo.

Wale vikongwe walikuwa wakirudi na mifuko yao. Mama aliniachia mkono, akapaza sauti, "Asante kwa sabuni, mama! Msalimie padri!"

Nilirudi nyuma ya pickup ya watu wa mahindi, nikilia mpaka abiria wenzangu wakaniuliza nimefiwa na nani. Alikumbuka. Siku ile uwanjani alikuwa ananijua vizuri kabisa, na alinizika mwenyewe kwa mdomo wake mbele ya meza ile ili nibaki na maisha yangu.

Basi mtu angetegemea kuwa baada ya hapo nilikwenda kumtoa, au nilikwenda kukaa naye. Nitaandika nilichofanya. Nilirudi Gungu, shule zikafunguliwa, nikafundisha. Niliogopa vile vidole na yale macho. Kumtembelea mama aliyenisahau niliweza. Kumtembelea aliyekumbuka kila kitu sikuweza. Na chini ya uchungu wote huo palikuwa na nafuu, nafuu ya kuambiwa usije, nikaishika kwa mikono miwili. Alikufa mvua zilipoanza. Nilipata habari baada ya siku nane, kwa mtu wa kanisa aliyekuja kurudisha blanketi kwa yule jirani mwema.

Mama alinikataza Jumatano tu. Siku nyingine sita hakuna aliyenikataza, na sikwenda.